Chukudu haikukatika breki, ilizidishiwa mzigo

Bwana Mhariri,

Kila chukudu, yaani kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, inapomshinda mwenyewe kwenye mteremko wa Kanyaruchinya, watu husema breki imekatika, nanyi gazetini mnaandika hivyohivyo. Mimi nachonga chukudu hapa Majengo, Goma, na zilizovunjika huletwa kwangu.

Breki ya chukudu haina cha kukatika. Ni kipande cha tairi kuukuu kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Nguvu yake ni ya mguu wa dereva, na mguu hauongezeki eti kwa sababu tajiri kaongeza magunia. Mguu uleule unaosimamisha kilo 100, ukipewa kilo 300 penye tambarare utataka umbali mara tatu. Mteremkoni ni balaa: uzito unavuta kuelekea chini, na mvuto huo ukiishinda breki, chombo hakisimami, kinazidi kukaza mwendo. Tena mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama unakuwa mara nne. Kanuni zenyewe za mwendo mwanasayansi Newton alizichapisha mwaka 1687, lakini wapakiaji wa kule juu Kibumba, mizigo inakotoka, hawana habari naye.

Njooni karakana muone. Mpira wa breki ukikandamizwa kwa kiasi hubonyea, ukiachiwa hurudi ulivyokuwa. Uliosuguliwa na mzigo mkubwa toka Kibumba huwa umeungua, mgumu, unang'aa kama sahani, haukamati tena. Ubao wa mkaratusi nao hupinda kidogo, mzigo ukishushwa hunyooka. Ukizidishiwa haunyooki, na nyuzi za upande wa chini huanza kuchanika. Ufa huo ni mwembamba sana, nautafuta kwa ukucha. Wenye chukudu huniambia nipigilie msumari yaishe. Sipigilii.

Ombi langu ni kwa matajiri wa viazi na makaa: chombo kinachoshuka kipakieni kwa kilo, si kwa kuwa bado kuna nafasi. Magunia yalale chini na yafungwe barabara. Yakirundikwa juu, dereva akikanyaga breki mzigo bado unataka kwenda. Unaegemea usukani, na gurudumu la nyuma, lenye breki, linakuwa jepesi na kuteleza. Hapo mguu unakanyaga bure.

Wenye pikipiki mnaokatiza mbele ya chukudu inayoshuka, sijui mnategemea nini.

Mwandishi wenu akitaka, aje haraka aone mbao zilizochanika. Nimezitunza, ila mama watoto anazitaka kwa kuni.

Fundi wa chukudu,
Majengo, Goma