Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Vibali: tafadhali, msimwage spiriti

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: NYIGU WASIO NA JINA WALIOKAUKIA KAUNTANI KWAKO

Tunakusalimu kwa heshima zote. Bango lililo mlangoni kwako linaahidi kibali cha kusafirisha sampuli ndani ya siku 14. Hilo tumeacha kulihesabu. Linalotufanya tuandike hadharani ni la wiki iliyopita: mkaguzi wako alifungua vichupa vya sampuli, akamwaga spiriti kwa kuwa inashika moto, akavifunga tena na kugonga mhuri. Mhuri umetoka safi sana.

Inashika moto, ni kweli. Ndiyo maana kanuni za usafiri wa anga zimeweka masharti kwa vielelezo vya sayansi: kichupa kisizidi mililita 30, kifurushi kizima lita 1. Vyetu ni vya mililita 2.

Nyigu hawa vimelea hawafiki milimita moja, na hutaga ndani ya mayai ya wadudu wengine. Spiriti hiyo, yaani ethanoli ya asilimia 95, ndiyo inayolinda vinasaba vyao. Wakikaukia hewani, kichwa hubonyea na papasi, vile vipembe vyembamba vya kichwani, hukatika. Bila papasi, spishi mpya haielezeki: tunahesabu pingili zake, tunapima urefu wa kila pingili dhidi ya upana wake, na hata jike tunamjua kwa kirungu kilicho mwishoni.

Slaidi nayo, kioo anacholazwa mdudu ili atazamwe kwa hadubini, si kazi ya kurudia asubuhi moja. Mdudu hulainishwa kwa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, huoshwa, hupitishwa kwenye ethanoli ya 70, 80, 95, hadi 100. Maji yakibaki, balsamu, utomvu wa mti unaomgandisha mdudu kwenye kioo, huwa nyeupe isionyeshe kitu, na slaidi imeharibika. Kisha mafuta ya karafuu (hayo, tunashukuru, hayajadaiwa kibali), ndipo mbawa na papasi zitenganishwe kwa sindano na kulazwa kwenye balsamu ya Kanada, ikauke kwa wiki kadhaa.

Tunahisi fomu zenu hazitofautishi biashara na mkopo wa kulinganisha, yaani sampuli inayoazimwa ili ilinganishwe na nyingine. Vielelezo vya spishi za zamani vimo kwenye makumbusho ya Ulaya. Bila kulinganisha navyo, tutamwita mpya mdudu mwenye jina tayari.

Na jina lina kazi. Kidung'ata wa mihogo, Phenacoccus manihoti, mdudu anayefyonza mihogo na kuiharibu, alipotafutiwa adui, msako ulianzia kaskazini mwa Amerika Kusini, kwa mdudu aliyefanana naye. Kumbe yule ni spishi nyingine, P. herreni, na nyigu wake hawakumfaa wetu. Nyigu aliyefaa, Anagyrus lopezi, alipatikana Paraguay mwaka 1981. Ugali wa muhogo mnaoula hadi leo una mkono wake.

Ombi ni moja: vichupa visifunguliwe. Ni vya kioo, vinaonyesha. Hadubini tutaleta wenyewe, na kiti cha mkaguzi pia akitaka. Kibali tutaendelea kukisubiri kama kawaida, ila spiriti isimwagwe.

Wako katika kazi,
Waandaaji wa sampuli