Barua kutoka Iksan

Ndugu yangu Salim,

Salamu sana. Natumai hujambo, na mama na watoto hawajambo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitesa.

Juzi nilikwenda Iksan, mji mdogo kusini mwa Seoul, na tangu nirudi nakuwaza wewe na koleo zako. Mji ule ni wa masonara na wachonga mawe. Wana makumbusho mazima ya vito, na graniti yao ya Hwangdeung inasifiwa Korea nzima.

Kilichonishika hasa ni Mireuksa, hekalu la Kibudha la enzi ya Mfalme Mu wa Baekje, ufalme wa kale wa Korea. Hekalu lenyewe halipo tena, ni uwanja wa majani na mnara wa mawe uliobomoka upande mmoja, mkongwe kuliko minara yote ya mawe iliyosalia nchini. Mwaka 1915 Wajapani waliumiminia zege usianguke. Baadaye mafundi wakaufumua, jiwe baada ya jiwe, wakaujenga tena. Kazi ya kama miaka 20. Januari 2009 wakakuta tundu ndani ya nguzo ya katikati, na humo chombo cha masalia matakatifu na bamba la dhahabu la mwaka 639.

Salim, bamba lile lina urefu wa kama sentimita 15 tu! Herufi zimenakshiwa moja moja, kisha zikatiwa rangi nyekundu. Hadithi ya wenyeji husema hekalu lilitokana na Seonhwa, binti mfalme wa Silla, ufalme jirani, aliyeolewa na kijana mchimba viazi vikuu, ambaye ndiye huyo Mu. Lakini bamba linamtaja malkia mwingine, wa ukoo wa Sataek.

Mnara wameuacha na ghorofa 6, pengo lake wazi, maana umbo la juu hakuna alijuaye kwa hakika. Jirani yake upo mwingine uliojengwa upya mwaka 1993, ghorofa 9, mweupe wote. Ule sikuupenda. Huu wenye pengo niliuzunguka mara tatu.

Jioni nilipitia kanisa Katoliki la Nabawi, paa la vigae vya Kikorea na mnara wa kengele wa matofali. Karibu na hapo ndipo aliposhukia mwaka 1845 Kim Taegon, padre wa kwanza Mkorea.

Nakutumia picha ya bamba. Itazame vizuri kingo za herufi, uniambie: ni tindo ile, au kisu?

Wako,
Juma