Jedwali la kutazama si la kukata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa ukurasa wako wa teknolojia, aliyefundisha jinsi ya kuiita PowerShell, chombo cha Microsoft cha kuendesha kompyuta kwa amri za kuandika, kutoka ndani ya programu iliyoandikwa kwa lugha ya C#. Somo lilikuwa zuri mpaka mfano wa pili, pale aliposema matokeo yapitishwe kwenye Format-Table, amri ya kupanga matokeo katika jedwali, kisha programu ihesabu herufi na kukata kila safu mahali pake. Niliweka gazeti chini. Njia hiyo nimeipita, nikaaibika.

Mimi ni mtunza seva. Niliandika programu ya kukagua kila usiku kama huduma zote tunazozihitaji, yaani programu zinazofanya kazi chinichini kwenye seva, zinaendelea kufanya kazi. Nikaipa amri ya Get-Service, inayoorodhesha huduma hizo, nikaongeza Format-Table, na badala ya jedwali nikapata maneno haya yamejipanga kama ukoo: Microsoft.PowerShell.Commands.Internal.Format.FormatStartData, na ndugu zake chini yake. Nilidhani nimeharibu kitu. Kumbe Format-Table haitoi maandishi hata kidogo. Inatoa maelekezo ya kuchora jedwali, na ukiwa kwenye dirisha la amri kuna mchoraji anayeyapokea bila wewe kumwona. Ndani ya programu yangu hakuwapo. Nikaongeza amri ya Out-String mwishoni, maelekezo yakageuka maandishi, nami nikaanza kukata herufi kwa furaha, kama ndugu yetu anavyoshauri.

Kwenye mashine ya majaribio kila kitu kilikwenda sawa, kwa kuwa huduma nilizozifuatilia humo zilikuwa na majina mafupi. Kwenye seva zenyewe niliamshwa saa nane usiku: programu inadai huduma iitwayo WinHttpAutoProxySvc haipo. Ilikuwapo, tena inafanya kazi. Jina hilo lina herufi 19, na jedwali la kawaida la Get-Service katika Windows PowerShell limetenga nafasi 18 tu kwa jina. Likatoka WinHttpAutoProx likiwa na nukta tatu mkiani, programu ikalilinganisha na jina kamili kwenye orodha yangu, ikapiga kengele. Nikampa Out-String upana wa 300 nikidhani nimemaliza. Wapi! Zile 18 zimeandikwa kwenye faili la PowerShell linaloeleza mwonekano wa jedwali la huduma, hazitazami upana wa ukurasa.

Asubuhi nilifuta Format-Table na Out-String zote mbili. PowerShell ikiitwa hivi hurudisha vitu vyenye sifa zao, na kila huduma inakuja na Name na Status yake, kamili, bila kukatwa. Mistari arobaini ya kuhesabu herufi ikawa mitatu. Nilikuwa nimechukua data iliyopangwa vizuri, nikaivuruga iwe picha, kisha nikakesha nikijaribu kuisoma ile picha.

Sisemi jedwali lisitumike. Bosi wangu hupokea barua pepe ya muhtasari kila asubuhi, na humo bado nimeacha Format-Table ikifuatwa na Out-String, kwa sababu PowerShell inajua kupanga safu kuliko mimi, na nukta tatu hazimsumbui mtu anayesoma kwa macho. Waliokulia kwenye mfumo wa Unix hawatashangaa: amri yao ya ls, inayoorodhesha mafaili, hupanga majina katika safu ukiitazama kwenye terminali, lakini ukiielekeza kwenye bomba, yaani kwa programu nyingine, hutoa jina moja kwa kila mstari. PowerShell haikubadilishii chochote kimyakimya namna hiyo. Ukiiomba jedwali, inakupa jedwali, hata kama anayelipokea ni Export-Csv, amri ya kuhifadhi data kwenye faili la CSV, nayo itakuandikia faili lililojaa ule ukoo wa FormatStartData.

Basi namwomba mwandishi, katika toleo lijalo, aiondoe Format-Table kwenye mfano wake wa pili na aonyeshe jinsi ya kusoma Name na Status moja kwa moja. Mfano wa kwanza, ule wa kuchapa ripoti, auache kama ulivyo.

Mtunza Seva wa Zamu ya Usiku