Barua kutoka Bari: Msimu Ulioishia Dakika ya 94

Bari, Italia
10 Septemba 2023

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na wote nyumbani. Mimi sijambo, kazi inaendelea, na joto ambalo lilitutesa Julai yote limeanza kupungua, ingawa hapa bado watu wanashinda baharini kana kwamba hakuna anayefanya kazi.

Katika ujumbe wako wa mwisho uliniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu kwa mistari miwili ya simu. Uliuliza inakuwaje mji mzima ulie kwa ajili ya timu ya daraja la pili, tena katika mwaka uleule ambao Napoli, watu wa kusini kama wao, wametwaa ubingwa wa Italia baada ya kuusubiri kwa miaka 33. Uliandika kwa utani, lakini nadhani wewe ni wa mwisho kustahili kuuliza hivyo, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa Tanga mwaka 2016, siku Coastal Union, African Sports na Mgambo, yaani timu zote tatu za mkoa wetu, ziliposhuka daraja katika msimu mmoja. Mwenye kuujua uwanja wetu wa Mkwakwani wa wakati ule hahitaji kuelezwa Bari ya mwaka huu kwa maneno mengi. Hata hivyo nitaeleza, maana uliomba.

Bari ilicheza Serie A, ligi kuu ya Italia, kwa mara ya mwisho msimu wa 2010/11. Tangu hapo mambo yake yamekuwa ya kuanguka na kuinuka: ilifilisika mwaka 2014 na kuuzwa kwa mnada, kisha mwaka 2018 ikashindwa kabisa kukamilisha usajili kwa sababu ya madeni, ikafutwa, na ikalazimika kuanza upya Serie D, ngazi ya nne, ikisafiri kwenda kucheza katika viwanja vya miji midogo ambayo wachezaji wake wengi wana kazi nyingine za mchana. Ilipanda mara moja, ikakwama Serie C kwa misimu kadhaa, na mwaka 2022 ndipo iliporudi Serie B, daraja la pili. Kwa hiyo msimu ninaokuandikia, wa 2022/23, ulikuwa wa kwanza kwao baada ya kurudi, na hakuna aliyetarajia zaidi ya kubaki salama. Mzee ninayepanga kwake, ambaye ana tiketi ya msimu mzima tangu enzi za baba yake, aliniambia Agosti ile kwamba nafasi ya kumi ingemtosha.

Ni vizuri nikueleze namna ligi yenyewe inavyokwenda, kwa sababu uchungu wote umejificha humo. Timu ni 20 na kila moja hucheza mechi 38. Mbili za kwanza hupanda moja kwa moja. Nafasi ya tatu ya kupanda hugombewa na timu zilizoshika nafasi ya 3 hadi ya 8 kwa michezo ya mchujo, isipokuwa pale ambapo wa tatu amemwacha wa nne mbali sana kwa pointi. Waliomaliza wa 3 na wa 4 huanzia nusu fainali. Halafu ipo kanuni ambayo naomba uikumbuke: katika nusu fainali na fainali, zinazochezwa nyumbani na ugenini, mabao ya jumla yakiwa sawa kwa kawaida hakuna penalti, bali anayepita ni yule aliyemaliza juu katika msimamo wa ligi.

Msimu wenyewe ulikuwa wa ajabu hata kwa wasiojali Bari. Ungeshangaa ni wangapi kati ya mabingwa wa dunia wa 2006 walikuwa wakihangaika katika daraja hili. Fabio Grosso, yule aliyepiga penalti ya mwisho dhidi ya Ufaransa pale Berlin, alikuwa kocha wa Frosinone. Gilardino alipewa Genoa msimu ukiwa katikati, na Filippo Inzaghi alikuwa Reggina. Nahodha Cannavaro alipewa Benevento na De Rossi akapewa SPAL, na wote wawili walifukuzwa Februari, kisha timu zote mbili zikashuka. Buffon, akiwa na miaka 45, alikuwa bado amevaa glovu za Parma. Medali ya Kombe la Dunia haimsaidii mtu pale anapolazimika kushinda ugenini siku ya Jumamosi yenye mvua mbele ya mabeki ambao hawamwogopi. Grosso na Gilardino ndio waliofaulu: Frosinone walikuwa mabingwa kwa pointi 80, na Genoa wakawafuata kwa pointi 73.

Bari walimaliza wa tatu kwa pointi 65. Kocha wao, Michele Mignani, ndiye aliyewatoa Serie C, na hakuibadilisha timu kwa kununua majina makubwa. Beki wa kati na nahodha, Valerio Di Cesare, alikuwa ametimiza miaka 40 msimu ukielekea mwisho. Jina lililotajwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa la Walid Cheddira, kijana wa wazazi wa Morocco aliyezaliwa hapahapa Italia, ambaye alifunga mabao 17 katika ligi. Wewe ulimwona bila kumjua. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia kule Qatar, Morocco walipowatoa Ureno, yule mchezaji aliyetoka benchi akapewa kadi mbili za njano na kutolewa nje katika dakika za nyongeza ndiye Cheddira. Hapa Bari hakuna aliyemlaumu. Walijaza baa kuitazama Morocco kama vile ni timu yao, kwa sababu mfungaji wa daraja la pili kucheza mechi ya hatua ile si jambo linalotokea kila mwaka.

Sasa nifike kwenye mchujo, ambako ndiko swali lako lilikoanzia.

Nusu fainali waliicheza na Südtirol, timu ya mkoa wa Bolzano, kaskazini kabisa mpakani na Austria, ambako wengi huzungumza Kijerumani. Südtirol nao walikuwa wageni wa Serie B, na kwa ulinzi wao walikuwa wamewachosha wengi. Walishinda kwao 1-0, kisha Bari wakashinda hapa 1-0. Jumla 1-1, na ile kanuni niliyokuomba uikumbuke ikawapitisha Bari. Watu walishangilia mpaka usiku, na nadhani hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa kuwa kuanzia siku ile kila mtu mjini, kuanzia muuza samaki hadi mzee wangu, alianza kuhesabu kwa sare.

Upande wa pili walitokea Cagliari, timu ya kisiwa cha Sardinia, iliyomaliza ya tano, pointi tano nyuma ya Bari. Kocha wao alikuwa Claudio Ranieri, ambaye wewe unamjua kwa ubingwa wa Leicester wa mwaka 2016. Alirudi Cagliari mwezi Januari, miaka zaidi ya 30 baada ya kuitoa timu hiyohiyo Serie C na kuifikisha Serie A akiwa kocha kijana. Katika nusu fainali walikuwa nyuma 2-0 nyumbani dhidi ya Parma, wakageuza wakashinda 3-2, huku Zito Luvumbo, kijana wa Angola, akiwa miongoni mwa waliowasumbua Parma sana. Mtu makini angeona pale kwamba hii si timu ya kuiachia mchezo hadi mwisho.

Fainali ya kwanza ilichezwa Sardinia tarehe 8 Juni. Gianluca Lapadula, mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21, alifunga mapema, na Bari wakasota mchezo mzima hadi Mirco Antenucci aliposawazisha kwa penalti dakika za nyongeza zikielekea kwisha. Ikawa 1-1. Nyumbani, sare yoyote ingewapandisha.

Tarehe 11 Juni nilikuwepo San Nicola, Mjomba. Ni uwanja uliochorwa na msanifu Renzo Piano kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1990, na majukwaa yake ya juu yameachana kama petali za ua. Siku za kawaida za Serie B ukubwa wake ni aibu, maana watu huonekana wachache ndani yake; siku ile walijaa zaidi ya 50,000. Barabara zote za kwenda huko zilifungwa kwa magari tangu mchana, bendera zikining'inia kila roshani ya mji wa kale. Nilikaa na mtoto wa mzee wangu katika Curva Nord, jukwaa la mashabiki wenyewe, ambako hakuna anayekaa kitini.

Mchezo haukuwa mzuri. Kadiri dakika zilivyosonga ndivyo Bari walivyozidi kurudi nyuma, na ilipofika dakika ya 80 kila mpira uliopigwa juu na kutoka nje ulishangiliwa kama bao. Ranieri alimwingiza Leonardo Pavoletti, mshambuliaji wa miaka 34 ambaye kazi yake ni moja tu, kusubiri krosi. Katika dakika ya nne ya nyongeza krosi ilikuja kutoka kulia, kwa Gabriele Zappa, Pavoletti akawatangulia mabeki, mpira ukaingia. Kijana niliyekaa naye alikuwa ameshaiweka simu sikioni ili ampigie baba yake wasikilize pamoja kipenga cha mwisho. Mzee alikuwa upande wa pili wa simu, na kwa kuwa matangazo ya nyumbani huchelewa kidogo, alianza kuuliza, "Nini? Nini kimetokea?" huku mwanawe akishindwa kumjibu.

Ranieri alilia, na mashabiki wake walipoanza kuwakejeli wenyeji, aliwazuia na kuwataka wawapigie makofi watu wa Bari. Nimewahi kumsikia mtu hapa akisema kwamba kitendo hicho kiliwaumiza zaidi kuliko bao. Mimi sikubaliani naye.

Maoni yangu ni haya. Wewe mwaka huuhuu, mwanzoni mwa Juni, uliniandikia kwa hasira kwamba Yanga walishinda 1-0 Algiers na bado wakalikosa Kombe la Shirikisho la Afrika, kwa sababu USM Alger walikuwa wametangulia kushinda 2-1 Dar es Salaam na mabao ya ugenini yakahesabiwa. Yanga waliumizwa na kanuni iliyokuwa dhidi yao, nao walicheza kama watu wenye deni. Bari waliumizwa na kanuni iliyokuwa upande wao. Kwa wiki mbili walifundishwa, na matokeo na mitaa, kwamba inatosha kutofungwa, na timu iliyofunga mabao mengi msimu mzima ikacheza mechi yake kubwa kuliko zote ikiwa haina nia ya kufunga. Mignani analaumiwa kwa mabadiliko aliyofanya, lakini sioni kama yupo kocha ambaye angewasukuma watu mbele wakati uwanja mzima unaomba muda uishe.

Kuhusu Napoli, hapo pana kidonda kingine, na ndiyo sababu ubingwa wao haukuwafariji watu wa hapa hata kidogo. Klabu zote mbili ni za familia moja: Aurelio De Laurentiis ni wa Napoli, na mwanawe Luigi ni rais wa Bari. Kanuni za Italia haziruhusu familia moja kuwa na timu mbili katika ligi moja, kwa hiyo Bari ingepanda, mojawapo ingebidi iuzwe. Unaweza kufikiria maneno yaliyosemwa mitaani baada ya lile bao. Mimi siyaamini, kwa kuwa hakuna mwenye mali anayepanga kufungwa dakika ya 94. Lakini yaliyofuata wakati wa usajili ni magumu kuyatetea mbele ya shabiki. Kipa Elia Caprile alinunuliwa na Napoli na kupelekwa Empoli kwa mkopo. Cheddira alinunuliwa na Napoli na kupelekwa Frosinone kwa mkopo. Michael Folorunsho, kiungo aliyekuwa hapa kwa mkopo wa Napoli, amepelekwa Verona. Watatu hao sasa wako Serie A, kila mmoja kwa karatasi ya Napoli, na Bari wamebaki Serie B bila wao. Mzee wangu hulisema jambo hili kila jioni, na sina cha kumjibu.

Wengine waliumia kwa namna nyingine. Brescia walishushwa na Cosenza kwa bao la dakika za nyongeza, mashabiki wao wakarusha mafataki uwanjani. Kisha mwezi uliopita Reggina wakaondolewa kwenye ligi kwa masuala ya fedha, na Brescia wakarudishwa. Kwa hiyo msimu mpya umeanza na timu iliyoshuka ikiwa bado ipo. Ukiona tunalalamikia TFF, shirikisho letu la soka Tanzania, kumbuka hayo.

Kuna ndugu anayekuja Tanga mwezi ujao, nimempa jezi yako niliyokuahidi. Nakutahadharisha mapema: rangi za Bari ni nyeupe na nyekundu, na nembo yake ni jogoo. Najua utasema nimekutumia nguo ya Msimbazi, yaani ya Simba. Ukiona huwezi kuivaa mbele ya wenzako wa Jangwani, mashabiki wa Yanga, mpe binamu, ila mwambie ni ya timu iliyomaliza ya tatu, asije akaipeleka kijiweni kuringia ubingwa.

Nisalimie wote.

Mpwa wako