Kuhusu mwanetu na drafti

Ndugu yangu,

Meseji yako niliipata usiku ule ule ila sikujibu, sikutaka kukuandikia mistari miwili ya pole alafu basi. Mmekaa siku mbili mbele ya skrini mkiangalia drafti, yaani timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, zikichagua vijana, raundi 7, timu 32, majina 224, na la mwanetu halikuitwa. Imeniuma sana. Huyu mtoto namkumbuka ana miaka 6, unambeba mpaka kwenye gari bado ana usingizi maana uwanja wa barafu watoto wadogo wanapewa alfajiri, saa nzuri zote ni za wakubwa, na ulikuwa unapiga magoti kumfunga kamba za viatu vya kutelezea mpaka siku aliyokwambia baba niache nafunga mwenyewe. Sasa unaniuliza umwambie aache hoki. Mimi nasema hapana, na nakwambia kwa nini.

Hebu tuangalie drafti yenyewe inapima nini. Skauti, mtu anayetafutia timu vijana wenye kipaji, anakaa jukwaani anaangalia kimo, uzito, hatua tatu za kwanza zina kasi gani, alafu anabashiri huyu kijana atakuwaje akifika miaka 23. Ni kubashiri tu, hata wao wanajua. Na mwanetu kazaliwa mwisho wa Agosti, yaani amechaguliwa au kuachwa akiwa hajatimiza hata 18 kamili, wakati kuna wenzake kwenye drafti hiyo hiyo wamemzidi karibu mwaka mzima. Tangu utotoni ilikuwa hivyo hivyo, hoki ya watoto inapanga rika kwa mwaka wa kuzaliwa, wa Januari na wa Agosti wanasukumana kwenye mbao za pembeni mwa uwanja kama vile wako sawa. Kuna mwanasaikolojia wa Kanada, Roger Barnsley, aliliona jambo hili miaka ya 1980, akaangalia miezi waliyozaliwa wachezaji wa junia, yaani ligi za vijana kabla ya ukubwani, akakuta wa mwanzo wa mwaka wamejaa na wa mwisho wa mwaka ni wachache. Yule wa Januari akiwa na miaka 9 watu wanasema ana kipaji kumbe ni mkubwa tu, anawekwa timu ya kwanza, anapata kocha mzuri, anapata mechi nyingi zaidi, na baada ya miaka kadhaa kweli anakuwa mzuri. Hilo si kosa la mwanao.

Sasa nataka umweleze habari za mchezaji wa hoki Martin St. Louis, lakini umweleze yote, sio ule mwisho wake mzuri tu. Kazaliwa Laval, Quebec, mwaka 1975, mfupi, kama sentimita 173 hivi, na kwa hoki ya wakati ule mtu wa kimo hicho walikuwa hawamtaki kabisa. Drafti ikapita, hakuna aliyemwita. Mwaka mwingine, hakuna. Akaenda Chuo Kikuu cha Vermont kuanzia 1993, akacheza miaka minne, akavunja rekodi ya pointi ya chuo (pointi ni magoli pamoja na pasi za magoli), na bado anamaliza 1997 hakuna timu ya NHL inayompa mkataba! Akashuka ligi ya chini, Cleveland, ndo Calgary, timu ya NHL, wakamchukua 1998, wakawa wanampandisha na kumshusha, mara yuko Saint John kwenye timu yao ndogo mara yuko juu, na kwenye mechi 69 alizowachezea akafunga magoli 4. Mwaka 2000 wakamwacha. Ana miaka 25 hapo, hana timu. Mimi hapa ndo huwa nasimama, maana kila mzazi anayemtaja St. Louis anaruka moja kwa moja kwenye kombe la ubingwa, lakini ile miaka saba tangu aanze chuo mpaka kuachwa ndo inayofanana na maisha ya wachezaji wengi.

Tampa Bay, timu nyingine ya NHL, wakamsajili mwaka huo huo. Msimu wa 2003-04 akaongoza ligi nzima kwa pointi 94 na akapewa tuzo ya mchezaji bora, na fainali wakakutana na Calgary, wale wale. Mechi ya sita, ugenini Calgary, Tampa wakipoteza kombe limekwenda, muda wa ziada wa pili hata dakika haijaisha St. Louis akafunga. Mechi ya saba wakashinda 2-1. Mwaka 2013 ana miaka 37 akaongoza tena ligi kwa pointi.

Siwezi kukuahidi mwanetu atafika huko, wengi hawafiki na wewe unajua. Ila milango bado ipo. Mwakani anaruhusiwa kuchaguliwa tena, na mwaka unaofuata pia. Timu huwa zinaita vijana ambao hawakuchaguliwa kwenye kambi zao za majira ya joto, hata bila mkataba, simu ikija aende. Alafu chuo: zamani kijana akishagusa ligi kubwa za junia Kanada basi hoki ya vyuo vya Marekani amejifungia, lakini kuanzia msimu wa 2025-26 sheria hiyo haipo tena. Kwa mwili wa mwanetu, ambaye bado anakua, mimi ningechagua chuo. Mechi ni chache kuliko junia, muda wa jimu ni mwingi, anapata miaka minne ya kukomaa na digrii juu yake. Junia kikomo ni miaka 20, na miaka miwili inapita haraka mno.

Kitu kimoja nakuomba kama ndugu. Wiki hii usimwonyeshe orodha ya waliochaguliwa, na usiwapigie makocha mbele yake. Kama anataka kwenda barafuni mpeleke, kama hataki mwache alale. Na vile viatu usiviuze, umeniandikia umeshavipiga picha ya kuweka sokoni, ifute hiyo picha.

Jumamosi nitapiga simu jioni. Nataka niongee na yeye kwanza alafu wewe.

Wako daima.