Katuni zetu zianze na ngoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwashauri vijana wa Mtwara na Lindi wanaojifunza kuchora katuni kwa kompyuta waitazame kwa makini filamu fupi ya The Skeleton Dance, iliyotolewa na studio ya Walt Disney mwaka 1929, ambayo hakimiliki yake kwa sheria za Marekani ilikwisha Januari 1, 2025.

Ni filamu isiyofika dakika sita, haina rangi wala mazungumzo. Usiku wa manane viunzi vinne vya mifupa vinatoka makaburini na kucheza, hadi jogoo anapowika navyo vikarudi mbio kaburini. Wazo lilikuwa la mtunzi wa muziki Carl Stalling, aliyetaka muziki utangulie na picha iufuate, na Ub Iwerks, aliyechora sehemu kubwa ya filamu hiyo, akawa anachora kwa kuhesabu mapigo. Filamu ya sauti hupita kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde. Mchoraji akijua kwamba pigo moja linachukua picha 12, anajua pia ni katika mchoro upi hasa mguu unapaswa kukanyaga chini. Ndiyo maana kiunzi kimoja kinapoupiga uti wa mgongo wa mwenzake kama marimba, jicho na sikio havipishani hata kidogo.

Upatano huo sisi watu wa kusini tunao. Mchezaji wa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, husimama papo hapo ngoma inapokatika, na katika sindimba kiuno hakiitangulii ngoma. Inaniuma, basi, kuona vijana wetu wakichora kwanza hadi mwisho, kisha wakatafuta muziki wowote wa kubandika juu yake. Michoro inapendeza, na mikono yao ni hodari kweli, lakini miguu ya wahusika haina mdundo.

Nawasihi wawarekodi kwanza wapiga ngoma wa Newala, Masasi au Tandahimba, kwa ridhaa yao na kwa malipo ya haki, wayahesabu mapigo, ndipo washike kalamu. Yale ya jando na unyago yasiyoonyeshwa hadharani yaachwe huko huko. Maofisa utamaduni wa halmashauri zetu wanavifahamu vikundi vya ngoma vya maeneo yao, hivyo nawaomba wawakutanishe na wachoraji hao likizo ijayo ya shule.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara