Shukrani kwa dada wa Gilman

Dada, jina lako sikulipata. Ilikuwa 1995, ukumbi wa muziki wa panki, ile roki ya kasi na makelele, wa 924 Gilman, Berkeley, California. Nilikuwa mwanafunzi mgeni, niko peke yangu, na ngoma ilipopamba moto nikaanguka katikati ya watu wanaorukaruka. Ukanishika kwapani, ukaninyanyua, ukawazuia wengine kwa mgongo wako hadi nikaipata miwani yangu. Wakati wa kuondoka ukanipa kaseti uliyorekodi mwenyewe: upande mmoja bendi ya Operation Ivy, upande wa pili bendi ya Rancid.

Kaseti hiyo ndiyo iliyonifundisha kusikiliza ska: gitaa linalokatakata kati ya mapigo, besi inayotembea. Muziki wa Jamaika, vijana wa panki wakauongezea kasi! Operation Ivy walikuwa wameshavunjika tangu 1989, na wawili wao ndio waliokuja kuanzisha Rancid. Kwa hiyo ulinipa ukoo mzima mkononi.

Ukumbi ule uliendeshwa na watu wa kujitolea. Pombe marufuku, ubaguzi marufuku. Wewe ulinionyesha sheria hizo kwa vitendo.

Utepe umelegea sasa, sauti inayumba, lakini bado ninao. Ahsante sana, dada yangu, popote ulipo.